Kulifufua gari la mzee kwa fedha za kudunduliza

Katika nyua nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Temeke hadi Sinza, utalikuta gari moja limeegeshwa ukutani chini ya mwembe, matairi yamelala, kuku wanatagia chini yake, na wenye nyumba hawana moyo wa kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu ni gari la mzee. La kwetu ni Toyota Corolla KE70, ya kile kizazi cha nne kilichoanza kuuzwa mwaka 1979, lenye injini ya 4K ya sentimita za ujazo 1,290, na lilikuwa limesimama miaka tisa kabla sijaligusa. Maelezo yanayofuata ni kwa ajili ya mtu mwenye kipato cha kawaida, anayeweza kutenga kiasi kidogo kila mwezi, na ambaye hataki kumaliza akiba yake kwenye gari linalong'aa lakini haliwezi kufika Kibaha.

Kinachookoa fedha katika kazi hii ni mpangilio wa kazi zaidi kuliko bei ya spea. Watu wengi huanza na rangi, kwa kuwa rangi ndiyo inayoonekana na ndiyo inayowafanya ndugu wapige makofi. Baada ya miezi mitatu injini inapaswa kushushwa, sakafu inahitaji kuchomelewa, na rangi ile mpya inaungua kwa joto la gesi au kukwaruzwa na mnyororo wa kunyanyulia injini. Mimi nilifuata mpangilio huu na sijaujutia: karatasi za gari, kutu, breki, injini na mfumo wa kupooza, umeme, matairi, na rangi mwisho kabisa, viti vikiwa hiari.

Karatasi hazichukui muda mwingi kuzieleza, ingawa huchukua muda kuzipata. Kama kadi ya gari ina jina la marehemu, hutaweza kulihamisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) mpaka mahakama iwe imemthibitisha msimamizi wa mirathi, kwa hiyo malizeni jambo hilo kifamilia kabla hujanunua hata plagi moja. Nimeona ndugu wakianza kulidai gari siku lilipowaka, baada ya kulikwepa muda wote lilipokuwa bovu. Linganisha namba ya chesisi na namba ya injini zilizoko kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye chuma. Kadi huonyesha pia rangi ya gari, na hiyo ni sababu nyingine ya kubaki na rangi ya awali. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta, hivyo kabla ya kuingia barabarani hakikisha una bima, na kwa gari la namna hii bima ndogo, ile inayofidia watu wengine tu, inatosha.

Kutu na mahali inapojificha

Tenga nusu siku, uwe na tochi, bisibisi ya zamani, sumaku ndogo na daftari. Sumaku uipitishe taratibu juu ya bodi, hasa sehemu za chini za milango na kuzunguka matao ya magurudumu; mahali ambapo haishiki, chini ya rangi kuna puti (uji mgumu wa kujazia mashimo) badala ya bati. Bisibisi uitumie chini ya gari, kwa kugonga na kuchokonoa sakafu, sehemu za kushikia springi za nyuma, na kisima cha tairi la akiba ndani ya buti. Bati zima hutoa sauti kavu na kuirudisha bisibisi, ilhali bati lililooza hutoa sauti ya boksi lililolowa na bisibisi huzama. Andika kila tundu, kwa kuwa fundi bodi atakayekuja kukupa bei ataona mawili na kukugundulia mengine manane kazi ikiwa katikati.

Katika jiji la pwani kama hili, chumvi ya upepo wa bahari ina sehemu yake, na gari lililokaa Msasani au Kigamboni litakuwa na hali mbaya kuliko lililokaa Kimara. Hata hivyo, adui mkubwa wa gari lililosimama ni maji yasiyopata njia ya kutokea. Nilipoinua kapeti ya upande wa abiria mwezi Agosti, wakati ambapo haikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa, kitambaa kilichokuwa chini yake kilikuwa bado kimelowa. Nilitafuta chanzo kwa siku mbili, nikidhani ni mpira wa kioo cha mbele. Mwishowe nilifungua nafasi iliyoko chini ya kioo, pale maji ya mvua yanapoingia na kushuka pembeni, nikaingiza mkono, nikatoa majani ya mwembe ya miaka tisa yaliyokwisha kugeuka udongo mweusi, na ndani ya udongo huo mlikuwa na mche mdogo uliokwisha kuota mizizi. Tundu la kutolea maji lilikuwa limezibwa kabisa, na kila masika maji yalikuwa yakifurika kuelekea ndani. Kipande cha waya na ndoo mbili za maji viliondoa tatizo ambalo, kama ningeanza kwa kubadilisha sakafu, lingeiozesha sakafu mpya pia. Zibua vilevile vitundu vya chini ya milango, ambavyo mafundi rangi wana tabia ya kuviziba kwa puti.

Kwa sehemu zilizooza, kata mpaka ufikie bati zima, kisha uweke kiraka cha bati la geji 18 au 20. Kukata na kusugua unaweza kufanya mwenyewe kwa grenda ya kuazima, na hapo utaokoa siku kadhaa za malipo ya fundi. Kuchomelea mwachie mwenye mkono. Fundi mwenye mashine ya gesi ya CO2 ni bora kuliko wa gesi ya kawaida, kwa sababu joto lake halisambai sana na bati halijikunji. Kabla moto haujawashwa, toa betri, ng'oa viti na kapeti, na ushushe tanki la mafuta. Usikubali kabisa mtu achomelee karibu na tanki kwa hoja kwamba ni tupu, maana tanki lililobaki na mvuke wa petroli hulipuka kwa urahisi kuliko lililojaa. Baada ya kuchomelea, pakaa praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kwani unyevu wa Dar es Salaam huanza kulitia bati wekundu kabla ya asubuhi ya pili. Kwa upande wa chini wengi hupiga oili chafu, na inasaidia kweli, ila isifike kwenye mipira, breki wala bomba la moshi, na itakayodondoka ikingwe, isiachwe kuingia ardhini uani kwa watu.

Breki kabla ya injini

Huenda utashangaa kwa nini breki zinatangulia injini. Ni kwa sababu siku injini itakapowaka hutaweza kujizuia kulisogeza gari, na ukuta wa jirani uko karibu. Katika miaka ya kusimama, mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani na kutia kutu ndani ya masta silinda (pampu kuu ya breki) na silinda za magurudumu. Fungua kila gurudumu, na ukiona kuta za ndani za silinda ni laini, nunua mipira mipya tu. Ukiona zimechimbika, badilisha silinda nzima. Mipira hiyo isafishwe kwa mafuta ya breki yenyewe. Petroli, mafuta ya taa au oili ya injini huivimbisha, na breki zikaja kushika zenyewe ukiwa barabarani. Hili ni eneo ambalo sinunui spea ya mtumba hata ikiwa ya bei ya kutupa.

Unapotoa upepo kwenye mabomba ya breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto, kisha la nyuma kulia, kisha la mbele kushoto, na umalizie la mbele kulia. Mtoto wa shule anaweza kukukanyagia pedali, mradi asiiachie kabla hujafunga nati ya kutolea upepo.

Injini iliyolala

Kosa linaloua injini nyingi za urithi hutokea siku ya kwanza: betri ya kuazima, watu wa mtaa wamejaa, na mtu anapiga stata kwa nguvu. Ringi za pistoni zilizoshikana na kuta za silinda huvunjika hapohapo. Utaratibu wenye subira ni huu. Toa plagi zote, ukitia alama kila waya ili ujue ulikotoka. Mimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye kila silinda, uache siku mbili au tatu. Kisha shika nati ya puli ya kranki (mhimili mkuu wa injini) kwa spana ndefu na uzungushe kwa mkono, polepole. Ikikataa, ongeza oili na usubiri wiki nzima. Usirefushe mkono wa spana kwa bomba. Ya kwetu ilisogea siku ya tano, kwa mlio mdogo kama wa bawaba ya mlango wa stoo.

Petroli ya zamani iliyoko kwenye tanki haifai, na utaijua kwa harufu yake inayofanana na vanishi. Imwage yote. Tanki lisafishwe kwa kutia kokoto ndogo na maji ya sabuni, kulitikisa, kulisuuza mara nyingi na kulianika juani mpaka likauke kabisa, na kichujio cha mafuta kiwe kipya. Kabureta ifunguliwe juu ya sinia nyeupe ili usipoteze vidude vyake vidogo, ioshwe, na vitundu vyake vipulizwe kwa upepo. Anayevichokonoa kwa waya huvipanua, na baadaye atalalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Kwenye injini za familia ya K, pengo la pointi (swichi ndogo ya kuwashia cheche) ni milimita 0.45 na la plagi ni milimita 0.8, valvu, injini ikiwa ya moto, ni milimita 0.20 kwa za kuingizia na 0.30 kwa za kutolea. Fila geji (vibati vya kupimia mapengo) moja ya bei ndogo, pamoja na spana namba 10, 12, 14, 17 na 19, zitakufikisha mbali sana kwenye Toyota ya umri huu.

Ikishawaka na kupata moto, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla ya kumsikiliza mtu yeyote anayekwambia ifanyiwe ovahoo, yaani kufumuliwa yote. Silinda yenye kipimo kidogo uitie kijiko cha oili na upime tena. Kipimo kikipanda, tatizo ni ringi au kuta za silinda. Kisipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mfuko wako, kwa maana kusaga valvu ni kazi ya siku mbili, ilhali ringi na kubori (kupanua) silinda hukulazimu kuishusha injini nzima na kuipeleka kwa wakerezaji. Kwetu ilikuwa valvu moja, na fundi wa kwanza alikuwa amekwisha kuniandikia orodha ya spea za ovahoo kamili, ukurasa mzima.

Mfumo wa kupooza unastahili ubishi. Mafundi wengi wa mjini huitoa themostati (valvu inayodhibiti joto la maji ya injini) na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini isiyo na themostati huchelewa kufikia joto lake la kazi, hutumia mafuta zaidi, na oili yake hubaki na unyevu, mambo yanayoimaliza taratibu. Ikiwa gari linachemka, sababu iko kwenye rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji au gasketi, zitafute hizo. Jambo la pili ni maji. Visima vingi vya jiji hili hutoa maji ya chumvi, na silinda hedi ya 4K ni ya aluminiamu, ambayo huliwa na chumvi mpaka njia za maji zinatoboka. Tia kulanti, au angalau kulanti iliyochanganywa na maji ya mvua au ya chupa, na dumu la kisima liwaachie wanaoosha magari.

Spea, mafundi na cha juu

Faida ya kufufua gari la aina hii ni kwamba familia ya injini za K ilitengenezwa tangu mwaka 1966 hadi 2007, ikafungwa pia kwenye LiteAce na TownAce, kwa hiyo spea nyingi bado zinapatikana. Nenda Kariakoo, mitaa ya Gerezani na Shauri Moyo, asubuhi kabla jua halijawa kali, ukiwa na kifaa cha zamani mkononi. Kifaa hicho kinazungumza kuliko maelezo yako, na kinamzuia muuzaji kukupa "kinachofanana". Dalali atakayekupokea barabarani usimfuate. Zunguka maduka matatu, uandike bei, kisha urudi. Spea za mtumba zilizotoka nje zinafaa kwa vitu kama alternata, stata, taa, vioo na vitasa, na mara nyingi huzidi ubora wa mpya za bei rahisi. Mipira, gasketi, belti na kila kinachohusu breki kiwe kipya.

Fundi ukimtuma akakununulie, ataweka cha juu. Sioni haja ya kumlaumu, maana ndivyo wengi wanavyojazia ujira mdogo tunaowalipa, lakini ni afadhali umlipe vizuri kwa kazi na ununue spea mwenyewe. Patana kwa kazi, si kwa siku: bei moja ya kusaga valvu na kufunga, nyingine ya kuchomelea sakafu, na malipo ya mwisho yatolewe gari likiwa limejaribiwa. Pia, fanya kazi nyingi iwezekanavyo nyumbani. Mwanzoni nililipeleka gari letu kwenye gereji moja na kuliacha kwa miezi saba, nikipita mara moja moja kutoa fedha ya chai. Nililitoa huko bila vikombe vya magurudumu, bila jeki ya awali, na redio ya mzee ikiwa imebaki waya tu. Sikuwa na orodha wala picha, kwa hiyo sikuwa na la kudai. Gari likilazimika kulala kwa fundi, piga picha kila upande, boneti wazi na buti wazi, na mwonyeshe picha hizo mkiwa mmesimama hapo.

Kuhusu umeme nitasema machache: fuata waya za ardhini kwanza, uzisugue pale zinapogusa bodi, kwa sababu nusu ya taa zinazofifia hutibiwa kwa msasa, na panya wakiwa wamekula waya, zibadilishe, usizunguke na selotepu. Matairi yasomwe tarehe ubavuni, ambako tarakimu nne za mwisho huonyesha wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata (meno yanayoshika barabara) nzuri lakini lenye umri wa miaka kumi na zaidi si mali.

Rangi, mwishowe

Viti vishonwe kabla au baada, hilo ni hiari yako. Mimi nilisubiri, nikatumia fedha hiyo kwenye shokapu. Rangi isubiri kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba. Niliwahi kujaribu kupiga mlango mmoja mwezi Aprili, saa moja asubuhi, kwa rangi ya kukauka haraka, na ikapauka mbele ya macho yangu na kuwa na utando mweupe kama dirisha lililopuliziwa pumzi. Thina inapokauka hulipoza bati, na unyevu wa hewa unaganda juu yake. Ilibidi nisugue yote upya. Sehemu kubwa ya gharama ya rangi ni maandalizi, yaani msasa na maji, na hiyo ni kazi ya mikono yako na ya wadogo zako kwa Jumamosi nne au tano. Anza na msasa mkali, uende ukipunguza ukali, na puti iwe nyembamba, kwa kusawazisha mikwaruzo tu. Mpiga rangi umlete siku bati likiwa tayari. Kama mtatumia rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), fahamu kwamba mvuke wa hadina hiyo huumiza mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii. Tafuteni kinyago chenye vichujio vya kemikali, na watoto wapelekwe kwa jirani.

Safari ya kwanza iwe Jumapili alfajiri, wakati barabara ni tupu, na isizidi kilomita kumi. Nilizunguka mtaani mara mbili, nikatoka mpaka barabara kubwa, nikasimama kila baada ya dakika kumi kugusa vituo vya magurudumu kwa nyuma ya mkono, maana gurudumu lenye joto kuliko mengine lina breki inayoshika. Ukirudi, kaza upya nati za magurudumu na utandaze boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha. Asubuhi chora gari kwa kalamu juu ya boksi hilo, magurudumu manne na uso wake, kisha usome madoa: la kahawia mbele ni oili ya injini, la kijani au jekundu chini ya rejeta ni kulanti, na lisilo na rangi karibu na gurudumu ni mafuta ya breki, ambalo likionekana, gari halitoki. Badilisha oili ya injini baada ya kilomita 500, na uendelee kutandaza boksi jipya kila Jumamosi mpaka likae kavu wiki tatu mfululizo.